John Woolman: Fundi Nguo Aliyepunguza Biashara Yake



Katika mfululizo wetu wa maisha ya waliotutangulia katika imani, Jumapili hii tumwangalie mtu ambaye hakuwa mchungaji wala askofu, hakusomea theolojia wala kujenga kanisa kubwa. John Woolman alikuwa muuza duka na mshonaji wa nguo katika mji mdogo wa Mount Holly, New Jersey, zaidi ya miaka 250 iliyopita. Anakumbukwa kama mmoja wa Wakristo wa kwanza huku Marekani waliosimama mbele ya ndugu zao wa kanisani na kuwaambia kwa upole, bila kuchoka, kwamba mtu hawezi kumfuata Kristo huku amemmiliki binadamu mwenzake.

Nimemchagua kwa sababu ya jambo moja. Woolman aligundua kwamba utumwa, vita na dhuluma havianzii mbali. Vinaanzia pale mtu mwema, mcha Mungu, anaposhindwa kusema kwamba alicho nacho kinamtosha. Kwa hiyo kabla ya kuwahubiria wengine alianza na duka lake mwenyewe.

Kijana wa shambani

Woolman alizaliwa tarehe 19 Oktoba 1720 katika familia ya wakulima yenye watoto 13, karibu na mto Rancocas. Wakati huo New Jersey ilikuwa koloni la Uingereza. Wazazi wake walikuwa washiriki wa Jumuiya ya Marafiki, ambao wengi huwaita Quaker. Wenzetu wa magharibi mwa Kenya wanalijua vizuri kanisa hili kwa jina la Friends.

Marafiki walianzia Uingereza katika karne ya 17. Walikataa kuapa mahakamani, walikataa kuwavulia kofia wakubwa, walikataa kupigana vita, na waliabudu kwa kukaa kimya wakimsubiri Roho awaongoze. Kwa ajili hiyo walifungwa magerezani na kunyang'anywa mali. Baadaye wengi walihamia Marekani wakitafuta uhuru wa kuabudu. Nao pia walikuwa wahamiaji kama sisi.

Lakini miaka ilipopita, watoto na wajukuu wa wale waliofungwa kwa ajili ya imani wakawa matajiri. Huko Philadelphia walimiliki meli, maghala na nyumba nzuri. Waliendelea kuvaa nguo za heshima na kukaa kimya ibadani, lakini wengi wao walikuwa na watumwa. Walikuwa hawajaiacha dini yao. Dini na utajiri vilikaa nyumba moja, na polepole utajiri ndio ukawa mwenye nyumba.

Woolman mwenyewe alisimulia kwamba alipokuwa mtoto alimpiga jiwe ndege aliyekuwa na makinda kiotani, akamwua. Alipoona kwamba makinda yatakufa kwa njaa, aliyaua nayo ili yasiteseke. Jambo hilo lilimchoma moyo siku nyingi. Tangu utotoni, mateso ya kiumbe mwingine hayakuwa kitu kidogo kwake.

Karatasi aliyotakiwa kuandika

Alipofika miaka 21 aliondoka shambani akaajiriwa dukani Mount Holly, kuuza na kuandika hesabu. Siku moja mwajiri wake alimwambia aandike hati ya mauzo. Aliyekuwa anauzwa ni mwanamke Mwafrika, na mnunuzi alikuwa mtu mzee, mshiriki wa kanisa la Woolman mwenyewe, aliyekuwa akisubiri palepale.

Kila mtu aliyewahi kufanya kazi chini ya bosi anaelewa hali ile. Alikuwa ameajiriwa kwa mkataba wa mwaka. Aliyeamuru ni mwajiri, na aliyenunua ni mtu wa heshima. Woolman aliandika ile hati. Lakini moyo wake ulisumbuka mno, hata akawaambia wote wawili kwamba anaamini kumiliki watumwa hakupatani na dini ya Kikristo. Jina la yule mama halikuandikwa katika kitabu chake, naye alikwenda na mnunuzi wake.

Muda mfupi baadaye, kijana mwingine wa kanisani alimwomba amwandikie hati kama ile. Safari hii Woolman alikataa. Na tangu hapo, watu walipomjia awaandikie wosia, alikubali kuandika mambo yote isipokuwa sehemu inayomrithisha mtu mtumwa. Alikosa malipo, na wakati mwingine alihatarisha urafiki. Lakini wako waliorudi nyumbani wakafikiri, kisha wakaja tena kumwambia aandike kwamba mtumwa wao awe huru.

Tuangalie hapa, ndugu zangu. Hakuwa na cheo wala silaha. Alikuwa na kalamu tu, akakataa kuikopesha kwa dhambi. Sisi tunaojaza fomu, tunaotia sahihi chati za wagonjwa, tunaoandika hesabu za watu wengine, tunajua kwamba mabaya mengi ya dunia hayawezi kwenda mbele bila mtu wa kawaida kutia sahihi yake.

Duka lilipostawi mno

Woolman alijifunza kushona, akafungua biashara yake. Mwaka 1749 alimwoa Sarah Ellis, wakapata binti waliyemwita Mary. Mtoto wao wa kiume alifariki akiwa mchanga.

Biashara ilikua. Alianza na vifaa vya kushonea, kisha vitambaa, na duka likawa na wateja wengi. Kwa macho ya watu, hii ilikuwa baraka. Mimi na wewe tungesimama kanisani kutoa ushuhuda, na kusanyiko lingepiga makofi na vigelegele.

Woolman aliona hatari. Aliona kwamba biashara inadai muda wake wote na mawazo yake yote. Aliona pia kwamba anawauzia watu wa kipato kidogo vitu vya fahari wasivyovihitaji, wanavinunua kwa mkopo, kisha wanashtakiwa kwa madeni. Hapo mwaka 1756 alifanya jambo ambalo majirani walishindwa kulielewa. Aliwatangazia wateja wake kwamba anafunga biashara ya bidhaa, akawaelekeza waende maduka mengine. Alibaki na sindano yake na bustani ya miche ya mitufaha, kazi ambazo zingelisha familia na kumwachia nafasi ya kumtumikia Mungu.

Hakufilisika wala kufukuzwa, na hakuwa mvivu. Alipunguza kwa hiari yake, wakati mambo yalikuwa mazuri. Katika kijitabu alichoandika juu ya maskini, ambacho kilichapishwa baada ya kufa kwake, alieleza kwa nini. Tamaa ya anasa ya mtu mmoja ndiyo inayomlazimisha mwingine afanye kazi kupita nguvu zake. Mtu akitaka zaidi ya kinachomtosha, lazima awepo anayebebeshwa mzigo huo, awe mtumwa, kibarua au hata mnyama.

Kuwatembelea ndugu nyumba kwa nyumba

Mwaka 1746 alisafiri kusini hadi Virginia na North Carolina, akaona kwa macho yake jinsi utumwa ulivyo. Aliandika kijitabu dhidi ya kumiliki Waafrika, kikachapishwa mwaka 1754. Aliporudi kusini mwaka 1757 alikutana na tatizo jipya. Wenyeji waliompokea kwa ukarimu walikuwa na watumwa, na chakula alichokula na kitanda alicholalia viliandaliwa na watu wasiolipwa. Kula bure ilikuwa kushiriki katika ule wizi. Basi alipokuwa akiondoka alitoa fedha, akawapa wale watumwa waliomhudumia au akamwachia mwenye nyumba awagawie. Kwa yeyote anayejua maana ya ukarimu, jambo hili lilikuwa gumu sana. Wengine waliona ni tusi. Lakini alilifanya kwa unyenyekevu hata wengi wakashindwa kumkasirikia.

Mwaka 1758, katika mkutano mkuu wa mwaka wa Marafiki huko Philadelphia, suala hili lilijadiliwa. Wapo waliotaka lisubiri, kwamba Mungu atafungua njia kwa wakati wake. Woolman alisimama akawaonya kwamba kuchelewesha haki kwa ajili ya faida za watu fulani ni jambo ambalo Mungu anaweza kulijibu kwa njia ya kutisha. Mkutano uliamua kwamba anayenunua au kuuza mtumwa asishiriki tena katika shughuli za uongozi wa kanisa, na ukateua watu wa kuwatembelea wenye watumwa. Woolman alikuwa mmoja wao.

Kwa miaka mingi alifanya kazi hiyo. Aliingia nyumba moja baada ya nyingine na kukaa na mwenye mali, mara nyingi akilia, bila kupiga kelele. Aliamini kwamba anayemiliki mtumwa naye yuko hatarini, kwa sababu moyo wake unakufa polepole.

Mfalme, bendera na kodi ya vita

Miaka hiyo Uingereza na Ufaransa zilikuwa zikipigania ardhi ya Amerika Kaskazini. Makoloni yalitoza kodi kwa ajili ya vita. Marafiki wengi walisema kodi ni kodi, tulipe, serikali itajibu kwa Mungu. Woolman hakuweza. Mwaka 1755 yeye na wenzake kadhaa walitoa waraka kueleza kwamba dhamiri haiwaruhusu kulipia vita. Ilimuuma kutofautiana na wazee aliowaheshimu, lakini alitulia katika kile alichoamini.

Mwaka 1758 ofisa mmoja alimwambia awapokee askari wawili nyumbani kwake, na kwamba atalipwa kila wiki. Mmoja ndiye aliyekuja, akakaa wiki mbili kwa adabu. Woolman alimpokea mgeni wake, lakini ofisa alipokuja na malipo aliyakataa. Kumlisha askari kama binadamu hakukumshinda. Kupata faida kutokana na vita ndiko alikokataa.

Mwaka 1763 alikwenda mbali zaidi. Wakati vita vilikuwa vimewaka mipakani kati ya walowezi na wenyeji wa asili wa nchi hii, na watu wake wakiwachukia wenyeji wote bila kubagua, alisafiri kupitia misitu na mvua hadi Wyalusing, kijiji cha wenyeji kando ya mto Susquehanna. Hakwenda kuwafundisha kwanza. Alitaka kuyaelewa maisha yao na roho waliyo nayo, labda ajifunze kitu kwao. Njiani aliona jinsi walivyosukumwa kutoka kwenye ardhi nzuri na kuuziwa pombe kali na wafanyabiashara, akajiuliza ni kwa kiasi gani watu wa kwao ndio waliopanda mbegu ya vita ile.

Nguo nyeupe na ndoto ya migodi

Kadiri alivyoendelea, alizidi kuonekana mtu wa ajabu. Aliacha sukari kwa sababu ililimwa na watumwa wa visiwa vya Karibi. Aliacha nguo zilizotiwa rangi, akavaa kitambaa cha rangi yake ya asili na kofia nyeupe, akisema rangi huficha uchafu badala ya kuuondoa. Alianza kusafiri kwa miguu ili afanane na waliodharauliwa.

Mwaka 1770 aliugua sana hata akasahau jina lake. Katika hali ile aliona kundi kubwa la binadamu walio katika taabu kuu, akajulishwa kwamba yeye ni mmoja wao, hawezi tena kujitenga nao. Akasikia sauti ikisema kwamba John Woolman amekufa. Kisha akaonyeshwa migodi ambamo watu walioonewa wanachimba utajiri kwa ajili ya watu wanaoitwa Wakristo, na wachimbaji wale wakilitukana jina la Kristo. Akahuzunika. Lakini akaelewa kwamba walikuwa wakisema hivi: ikiwa wanaotutesa wanaongozwa na Kristo, basi Kristo huyo ni mkatili. Alipopata nafuu alielewa kwamba aliyekufa ni utashi wake mwenyewe.

Wenzetu waliotoka Kivu na Katanga hawahitaji maelezo juu ya migodi. Simu tuliyonayo mfukoni, tunayosomea hata ukurasa huu, ina madini, na baadhi ya madini hayo hutoka katika udongo wa Kongo. Maono yale ni ya miaka 250 iliyopita, lakini swali lake halijazeeka.

Safari ya mwisho

Mei 1772 alipanda meli kwenda Uingereza. Aliona mapambo ya vyumba vya abiria, akachagua kulala chini na mabaharia, mahali penye giza na hewa nzito. Huko alisikia habari za maisha ya vijana wa melini na za biashara ya watumwa. Alipofika alitembea kwa miguu kuelekea kaskazini, akikataa magari ya farasi ya kasi, kwa sababu farasi walichapwa hadi kufa na vijana walioyaendesha waliteswa na baridi ya usiku.

Mwishoni mwa Septemba alifika York, akashikwa na ndui. Alitunzwa katika nyumba ya Thomas Priestman, na mmoja wa waliomuuguza ni Esther Tuke, ambaye mume wake William baadaye alianzisha The Retreat, hospitali iliyofunguliwa York mwaka 1796 na kujulikana kwa kuwatendea wagonjwa wa akili kwa utu, bila minyororo. Daktari alipoleta dawa, Woolman alisema yuko tayari kutumia zile ambazo hazikupita katika mikono ya dhuluma. Aliagiza jeneza rahisi lisilo na mapambo, na nguo zake zitumike kulipia gharama. Alifariki tarehe 7 Oktoba 1772, siku 12 kabla ya kutimiza miaka 52.

Kama muuguzi, hapa sikubaliani naye kwa jambo moja. Njia ya kujikinga na ndui kwa kuambukizwa kidogo kwa makusudi ilikuwepo wakati wake, ingawa ilikuwa na hatari. Yeye aliitilia shaka, akiona ugonjwa ule kama ujumbe kutoka kwa Mungu. Mimi naamini kinga nayo ni zawadi ya Mungu yuleyule. Tuseme pia kwamba gharama ya wito wake haikulipwa na yeye peke yake. Katika safari zile ndefu Sarah ndiye aliyebaki nyumbani, na safari ya mwisho ilimwacha mjane. Kumheshimu mtakatifu si lazima tumfuate katika kila kitu.

Matunda, na sisi

Kitabu cha maisha yake kilichapishwa mwaka 1774. Mwaka 1776 mkutano wa Philadelphia uliamua kwamba hakuna mshiriki wake atakayemiliki mtumwa. Woolman hakuiona siku hiyo. Mwaka 1897, utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja na Pemba, Marafiki wa Uingereza walianza kazi Pemba kati ya watu waliokuwa wakitoka utumwani katika mashamba ya karafuu. Mwaka 1902 Marafiki wa Marekani walifika Kaimosi, na leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi yoyote duniani.

Sasa tujitazame, wapendwa. Tulikuja kutafuta maisha, na hilo si dhambi. Tuna wazazi wa kutibiwa, ada za kulipa, kodi ya nyumba na bili. Woolman hakuwahi kuwahubiria maskini waridhike na umaskini. Alizungumza na wale waliokwisha kupata na bado hawawezi kusimama.

Na baadhi yetu tumefika hapo. Nyumba ya nyumbani imekwisha, sasa tunaongeza ghorofa ambayo hakuna atakayelala. Shifti mbili zimekuwa tatu. Watoto wanalelewa na simu, mume na mke wanakutana mlangoni, mmoja akitoka na mwingine akiingia. Jumapili tunamwita Mungu atubariki zaidi. Labda baraka tunayohitaji ni kusema basi, imetosha, na kurudisha Jumamosi moja kwa watoto wetu.

Tena, katika benchi moja tumekaa watu wa nchi ambazo majeshi yake yametazamana mpakani. Nje ya kanisa, katika makundi yetu ya WhatsApp, maneno ya chuki husambazwa kwa jina la uzalendo. Kila kundi lina mashujaa wake na wafu wake. Woolman alipenda nchi yake, lakini alikataa kuipa nafasi ya Mungu, akatembea hadi kijiji cha wale aliofundishwa kuwaogopa. Wyalusing yetu inaweza kuwa kiti cha pili kutoka hapo ulipoketi.

Wiki hii, kila familia ikae mezani ijiulize mambo matatu. Kwetu, kiasi gani kinatosha? Ni karatasi gani tunatia sahihi huku moyo ukisumbuka? Na ni nani tuliyemkwepa kwa sababu ya kabila au bendera yake? Someni pamoja Luka 12 na 1 Timotheo 6, kisha mkae kimya dakika chache kama walivyofanya Marafiki, bila simu, mkisikiliza.

Mungu atupe neema ya kutosheka, na ujasiri wa kutofanana na dunia hii kwa upendo na bila kiburi. Amina.